Nionyeshe Lilipo Wingu

Mwanaume ninayempenda aliitazama ile picha, akainamisha kichwa upande kidogo, akasema, "Imetoka vizuri."

Imetoka vizuri! Hayo ndiyo maneno ninayowaambia wateja wa picha za pasipoti hata kama wametoka wamefumba jicho moja. Nilibaki kwenye stuli yangu, machozi hayajanikauka mashavuni, nikimkodolea macho kama mgeni aliyekosea mlango.

Lakini ngoja nieleze, maana hasira ikinishika huwa naanzia katikati.

Mimi ni mpiga picha. Studio tuliachiwa na marehemu baba, mimi na kaka yangu. Kaka hukaa mbele kwenye kaunta na wateja, mimi hukaa chumba cha nyuma na kompyuta na printa, na kati yetu kuna pazia zito ambalo halizuii neno hata moja. Ukuta kwa ukuta na sisi kuna duka la miwani, na mwenye duka ndiye huyu. Mtaa mzima unamwita Fundi Miwani. Yeye ananiita Kamera, kwa sababu siku ya kwanza alipokuja kuazima ngazi nilimkaripia asisimame mbele ya taa zangu, akasema tangu azaliwe hajapata kuona kamera inayofoka.

Fundi ana darubini. Kioo chake alikisugua kwa mikono yake mwenyewe kwa miezi, huku watu wakidhani anatengeneza miwani ya jitu. Jioni moja, giza likiwa ndiyo kwanza linaingia, alinipeleka juu ya paa la nyumba ya shangazi yake, nje ya mji, ambako taa ni chache.

"Unaona pale, katikati ya zile nyota mbili kali?" aliniuliza.

"Sioni kitu."

"Safi. Hapo pasipo na kitu ndipo nyota zinapozaliwa."

Nikacheka. Nikachungulia kwenye darubini. Niliona nyota ndogondogo zimesongamana, nyeupe zenye ubluu kwa mbali, kama pini zilizomwagika mezani. Fundi akanieleza taratibu kwamba zile ni nyota changa, za juzijuzi kwa umri wa mbingu, na bado zimo ndani ya wingu la gesi lililozizaa. Mwanga wao ni mkali kiasi kwamba unaliwasha wingu lenyewe. Linawaka lote, kutoka mwisho hadi mwisho, ila ni hafifu mno kwa jicho la binadamu.

"Jicho halijui kungoja," alisema. "Kamera inajua. Ndiyo maana nimekuja kwako, tangu utotoni nalisoma tu wingu hili vitabuni. Sijawahi kuliona."

Alisema "sijawahi kuliona" kwa sauti ambayo ilinifanya nikubali kabla sijajua nakubali nini.

Nilikubali kufunguliwa kamera yangu. Ndani ya kamera za kazi kuna kioo chembamba kinachopunguza wekundu mzito ili sura za watu zitoke kama zilivyo. Sasa lile wingu linang'aa kwa wekundu uleule unaozuiwa. Fundi akakitoa kile kioo mezani kwake, kwa bisibisi ndogo za fremu za miwani, huku mimi nimeshika taa na roho iko juu. Kuanzia siku hiyo kamera ile ilikuwa ya mbinguni. Ya duniani ilibaki nyingine.

Kaka hakujua. Akaichukua kamera ya mbinguni akaenda nayo harusini.

Bwana harusi alitoka mwekundu. Bibi harusi mwekundu. Wazee wa pande zote mbili walikaa kwenye viti vyao kama watu waliotoka kuchomwa na jua wiki nzima. Mama wa bibi harusi alikuja studio, na alichokisema sikirudii. Kaka akazibeba zile picha moja kwa moja hadi duka la miwani, akazitandaza juu ya kaunta ya Fundi.

"Tazama ulichotufanyia!"

Fundi akazitazama moja moja, kwa makini kabisa, akasema, "Mbona hazina tatizo, shemeji?"

Tangu siku hiyo kaka hamtaki. Alimwambia mama kwamba yule mtu ana dharau ya kuzaliwa nayo, anaharibu kazi ya watu halafu anawacheka usoni. Mama naye akasema mwanaume anayeidharau kazi ya nyumba yetu atamdharau na binti yake. Nilibembeleza mpaka nikakaukiwa na mate. Mwishowe mama akakubali wazazi wa Fundi waje Jumapili tuzungumze habari ya posa. Kaka alikubali kuwepo. Kutabasamu hakukubali.

Basi hapo ndipo tulipokuwa mchana ule wa Jumamosi, mimi na Fundi, mbele ya kompyuta.

Nataka mjue ile picha ilivyopatikana. Jioni baada ya jioni tulipanda kwenye paa la shangazi, tukaielekeza darubini mahali palepale pasipo na kitu, na mota yake ikawa inaifuata anga polepole huku kamera imefumbua jicho. Kila picha, ukiitazama peke yake, ni weusi na vinukta. Tulipiga nyingine kifuniko kikiwa kimefungwa, giza tupu, ili kompyuta ijue uchafu upi ni wa kamera yenyewe na iuondoe. Kisha unazijumlisha zote. Doa lililotokea kwa bahati tu linajifuta lenyewe kwa sababu halirudii mahali pamoja. Kilichopo kwelikweli kinarudi kila picha, kidogo kidogo, kinajilimbikiza.

Nilizijumlisha mchana ule. Kwanza kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi. Nikaanza kuvuta mwanga, taratibu, kama ninavyofanya na picha iliyopigwa ndani ya chumba kisicho na dirisha.

Likatokea.

Mikono yangu ilisimama. Kutoka kwenye weusi ule lilinyanyuka wingu jekundu, kubwa, limejaza karibu picha yote, na katikati yake kuna uwazi kama kiganja kilichokunjuliwa, na ndani ya kiganja zile nyota changa zimekaa zote pamoja, zinameremeta. Ukingo wa uwazi ule uling'aa kuliko kwingine, kwa sababu ndiko mwanga wa nyota unakoligonga wingu. Vidole vyeusi vya vumbi vilichomoza kutoka pembeni, vyote vikielekea kwa nyota. Nimepiga picha watoto wachanga wengi, wengine wana siku moja duniani, na najua namna chumba kizima kinavyonyamaza wakati mama anapofunua shuka. Nilinyamaza hivyo hivyo. Jambo hili limekuwepo juu ya vichwa vyetu siku zote, juu ya paa, juu ya soko, juu ya baba yangu akiwa hai akining'iniza filamu zake zikauke, na hakuna aliyejua. Nililia. Sikuona haya.

Nikamgeukia mwenzangu ili tulie wote.

"Imetoka vizuri," akasema.

"Basi?" niliuliza.

"Basi nini?"

"Ndiyo hiyo tu? Imetoka vizuri?"

Akahangaika na vifungo vya shati. "Nyota zimekaa kali. Hakuna hata moja iliyovutika ikawa mstari. Umefanya kazi nzuri sana, Kamera, nakushukuru."

"Unanishukuru? Mimi ni mteja wako nimekuletea fremu?"

"Usikasirike."

"Nimeshakasirika! Nimegombana na kaka kwa ajili ya hili wingu. Nimemfanya mama aniambie nimerogwa. Nimekaa kwenye paa la shangazi yako napigwa baridi mpaka meno yanagongana, nikijiambia si kitu, siku litakapotokea nitauona uso wa huyu mtu. Picha ya wingu ningeweza kuishi bila. Niliutaka huo uso. Na leo umeniletea uso wa mtu anayesoma bei ya sabuni."

Upande wa pili wa pazia nilimsikia kaka akimwambia mteja, "Kidevu juu kidogo, dada." Kisha kimya. Anasikiliza, nikajua. Asikilize.

Fundi aliendelea kutazama kioo cha kompyuta, na sikupenda alivyokitazama. Alikuwa kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Kesho wazazi wako wanakuja," nikasema.

"Najua."

"Sijui kama waje."

Akanigeukia haraka. Nilijuta neno lilipotoka, lakini lilikuwa la kweli nikaliacha. Nampenda. Napenda anavyopangusa miwani ya wazee kabla ya kuwavisha, napenda anavyonicheka nikifoka. Lakini nilimwona baba na mama yangu wakiishi miaka yote katika furaha mbili tofauti ndani ya nyumba moja, na niliapa kwamba mimi hapana.

"Siwezi kuolewa na mtu ambaye kinachoniliza mimi kwake ni kitu cha kawaida," nikamwambia. "Bora ungesema picha ni mbaya. Tungegombana, tungeishia mahali."

"Si ya kawaida kwangu."

"Niambie basi. Unapenda nini hapa?"

"Nyota."

"Na wingu?"

"Na wingu pia."

"Wapi hasa?"

"Ule ukingo wake. Unapong'aa."

"Nionyeshe."

"Kamera, jamani..."

"Nionyeshe lilipo wingu, Fundi. Weka kidole."

Alisogea. Akanyanyua kidole. Kidole kikaelea juu ya nyota, kikashuka, kikatafuta. Kikatua kona ya chini kulia.

Kona ile haikuwa na kitu. Ni mahali pekee katika picha nzima ambapo wingu halikufika.

Hasira yangu yote iliniishia. Nilikitazama kile kidole. Na jambo la ajabu, kilichonijia kwanza ni zile picha za harusi, watu wote wekundu juu ya kaunta, na yeye akizitazama moja moja kwa makini kabisa.

"Hapo hakuna kitu," nikasema polepole.

Akateremsha mkono. "Nilibahatisha."

"Unaona nini, Fundi? Niambie ukweli. Hapo kwenye kioo unaona nini?"

"Naona nyota. Nyota nzuri sana, zimekaa pamoja. Nyuma yake weusi. Labda weusi mmoja umezidi mwingine kidogo, sijui. Wekundu wa namna ile kwangu ni giza, Kamera. Nilizaliwa hivyo."

"Wewe? Unapima macho ya watu!"

"Napima. Nina kile kitabu cha nukta za rangi, cha kusoma namba. Nimekikariri kurasa zote. Mteja akisema saba najua ni saba, lakini ile saba sijawahi kuiona."

Nikakaa. Yeye hakukaa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilimwambia mmoja kabla yako. Tulikuwa tumeshapanga kila kitu. Kwao wakasema ukoo wetu una kasoro ya macho, binti yao atazaa vipofu. Wazazi wangu walirudishwa mlangoni, wamevaa nguo zao nzuri. Mama alilia njia nzima. Akaniapisha nisimwambie mtu tena mpaka nioe, nizae, watu waone watoto wanaona."

"Kwa hiyo ungeniambia lini? Tukiwa na wajukuu?"

"Sijui. Nilikuwa naogopa. Bado naogopa, hata sasa hivi."

"Na hili wingu? Kama ulijua hutaliona, ulinipandisha paani kwa nini?"

Akavua miwani akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. "Vitabuni kurasa zake zote ni nyeusi kwangu. Watu wanaandika, wingu kubwa la ajabu, mimi natazama weusi. Nikajiambia, labda nikilitafuta mwenyewe, kwa kioo changu, nikalingoja, na wewe ukiwa pale. Labda safari hii." Akatabasamu vibaya. "Ni upumbavu. Mtu wa lenzi nilipaswa kujua. Lakini nilitaka sana."

Sasa niliwezaje kuendelea kumkasirikia? Nilijaribu kidogo, kwa heshima ya hasira yangu, nikashindwa. Nikavuta stuli.

"Kaa hapa," nikamwambia.

"Unafanya nini?"

"Kazi yangu."

Picha ya rangi ndani ya kompyuta ni picha tatu zilizolazwa moja juu ya nyingine: ya wekundu, ya kijani na ya bluu. Wingu letu lilikuwa limejilundika lote kwenye ile ya wekundu. Nikaichomoa. Nikaiingiza kwenye bluu, na sehemu zake kali nikazimimina kidogo kwenye kijani ili zizidi kung'aa. Nyota nikaziacha zilivyo. Sikuongeza hata nukta moja ambayo haikuwepo.

"Unabadilisha rangi," alisema, anatazama vidole vyangu na si kioo. "Si itakuwa uongo?"

"Umbo ni lilelile. Nimelihamisha tu upande unaofika kwako. Tazama."

Hakutazama mara moja. Nadhani alihofia. Halafu akainua macho.

Mpaka leo sijampiga mtu picha yenye uso kama ule, na kamera ilikuwa mezani karibu yangu, nikaiacha. Mdomo ulifunguka. Mikono ikaja usoni ikaishia njiani. Alisogea mpaka pumzi zake zikafanya ukungu kwenye kioo, akarudi nyuma, akasogea tena, kama mtu aliyeingia chumba kikubwa akatafuta kuta zake zilipo.

"Limejaza lote," akanong'ona.

"Ndiyo."

"Kumbe kubwa hivi?"

"Kubwa hivyo."

"Nilikuwa nadhani mnatia chumvi." Akacheka huku machozi yanamtiririka. Kidole kikanyanyuka chenyewe, kikaufuata ukingo wa ule uwazi mzunguko mzima, hakikukosea hata mahali pamoja. Kikaingia katikati, kwenye nyota. Kikabaki hapo.

"Kamera."

"Nipo."

"Siku zote nimeziona nyota hizi zimetupwa gizani peke yake. Nilikuwa nazihurumia, ukweli wa Mungu. Kumbe zimeshikwa. Kumbe zimeshikwa pande zote."

Nikamshika mkono. Tulikaa vile tukilitazama lile wingu la bluu, gesi isiyo na mwisho imewashwa na watoto wake wenyewe, na chumba changu cha nyuma, chenye harufu ya wino na zulia kuukuu, nilikiona kidogo mno kwa jambo lililokuwa ndani yake.

Pazia likasogea. Kaka alisimama mlangoni, amekunja mikono, anatazama kwanza picha, kisha machozi ya Fundi, kisha mimi. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani.

Fundi akainuka. "Kaka, zile picha za harusi. Nilisema hazina tatizo kwa sababu sikuliona tatizo. Wekundu siuoni vizuri. Sikuwa nakucheka. Nisamehe."

Kaka alikunjua mikono.

"Kwa nini hukuniambia palepale?"

"Niliona aibu."

"Aibu! Mimi nimeutangazia mtaa mzima kwamba una dharau. Kinyozi nimemwambia. Mama nimemwambia mara tatu. Sasa nitaanzia wapi kuyarudisha hayo maneno?"

"Anza na kinyozi," nikasema. "Mama niachie mimi."

Kaka akatikisa kichwa. Akasogea karibu na kioo, akainama, akakaa hivyo. Mteja aliita kutoka mbele, hakuitika. "Na hili ni kweli liko juu huko?" akauliza taratibu. "Sasa hivi, mchana huu?"

"Liko," alisema Fundi.

Kaka akatoka, na nilisikia akimwomba mteja radhi kwa upole ambao si wake.

Fundi alitoa simu mfukoni. "Lazima nimwambie mama kabla ya kesho," alisema. "Asije akakaa mbele ya mama yako na siri ambayo si siri tena." Akabonyeza, akaiweka mezani nisikie.

"Mama, nimemwambia."

"Umemwambia nani, nini?"

"Mwenyewe. Habari ya macho yangu."

"Mwanangu, si nilikukanya? Si ulinipa neno lako? Sasa kesho tunakwenda kule kufanya nini? Nivae tena, nirudishwe tena?"

Nikaivuta simu.

"Shikamoo, mama."

Alishtuka. "Marahaba." Sauti ilikuwa ndogo sana. "Umesikia yote, mwanangu?"

"Nimesikia."

"Na watoto je? Usiniambie leo hujali halafu baadaye ulie. Wale wengine walituuliza watoto, sikuwa na jibu. Wewe ukiulizwa kwenu utajibu nini?"

Nilimtazama Fundi, ambaye alikuwa ameshikilia ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Nitajibu kwamba wakija, mama, kila mmoja nitampigia picha kwa rangi anazoziona."

Nilisikia kiti kinavutwa, na mtu anakaa. Kisha akaniuliza, taratibu, mama yangu angependa wafike saa ngapi.